Sarpagandha haikuanzia maabara
Mwandishi wa makala niliyoisoma anadai Ayurveda, tiba ya jadi ya India, imedumu huko kwa sababu ya mapenzi ya mila tu, hospitalini haina mchango. Hapo kateleza. Reserpine, dawa ya presha iliyotamba miaka ya 1950, ilitoka kwenye mzizi wa mmea wa sarpagandha, ambao matabibu wa Ayurveda waliutumia zamani sana kabla maabara ya Uswisi haijauchambua mwaka 1952. Mwaka juzi nilimpeleka mama Kerala, kusini mwa India, kwa ajili ya magoti. Daktari, aliyesomea Ayurveda miaka mitano na nusu, kabla ya kugusa mafuta alimpima presha, akamwaga vidonge vyote vya mama mezani, akasoma kimoja kimoja, akamwambia asiache hata kimoja. Magoti hayajapona, ila mama anapanda ngazi bila kushika ukuta (na kanga yake bado inanuka mafuta ya ufuta). Ninachoogopa mimi ni zile poda zinazochanganywa na madini. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima bidhaa 70 za Ayurveda za madukani, 14 zikakutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Nyie mnaozinunua mtandaoni, kopo linaandika kilichomo ndani?