Maji ya Uluguru Tunayanywa Sote, Barabara Yake Haimhusu Mtu

Mgao wa maji ulipoibana Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2022, mto Ruvu ukawa gumzo la mjini kwa wiki kadhaa. Ndoo zilipanga foleni, wenye maboza wakapandisha bei, na lawama hazikukawia kupata pa kutua: wakulima wa milimani wanakata miti, wanalima mpaka kingoni mwa mito, waondolewe. Nilisikia hayo kwenye daladala na kwenye redio, na wengi waliokuwa wakisema hawajawahi kupanda Uluguru, milima ya Morogoro mto huo unakozaliwa, hata siku moja.

Huko ni kwetu, kwa upande wa mama. Na kwa Waluguru upande wa mama ndio wenye uzito, maana ukoo unaufuata huo na ardhi ya ukoo kwa jadi hivyohivyo. Kwa hiyo nasema kama mtu mwenye maslahi, msomaji anipime kwa hilo.

Mgeta ni tarafa ya Wilaya ya Mvomero. Unaiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, unaanza kupanda, na baada ya muda masikio yanaziba. Langali, Nyandira, Tchenzema: mashamba yamening'inia kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani asingethubutu hata kuisimamia, achilia mbali kuilima. Mwezi wa Juni na Julai watu hushinda na masweta. Mapichesi na plamsi zinastawi huko, ukungu unashuka, na mgeni anapiga picha huku akisema huku ni Ulaya ndogo. Sawa, apige. Ila aulize pia njegere zilizofika Kariakoo jana zilishukaje.

Zinashuka kichwani kwanza. Shamba liko bondeni au juu ya kilima, barabara iko mbali, kwa hiyo mzigo unabebwa mpaka mahali pikipiki inapoweza kufika. Pikipiki inaupeleka Fuso linapoweza kufika. Kila mkono unaoupokea mzigo unachukua chake, na wa mwisho kuhesabiwa ni aliyelima. Hapo ni kiangazi. Masika ikiingia, ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni, Fuso linagoma kupanda, na dalali anapiga simu kusema bei imeshuka. Mkulima afanye nini? Viazi vinaweza kuvumilia kidogo. Njegere hazingoji mtu, na kabichi iliyolowa inaoza ikiwa bado inatazamwa.

Watu wengi huzungumzia lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, kana kwamba ni tabia mbaya ya wanunuzi tu. Sheria ya vipimo inaikataza, Wakala wa Vipimo anatangaza kila mwaka, na bado gunia linashonewa kilemba cha nyavu juu yake mpaka linamzidi mtu kimo. Mimi naona lumbesa ni mtoto wa barabara mbovu. Mnunuzi aliyefanikiwa kufika juu yuko peke yake siku hiyo, naye anajua kwamba huna mwingine. Akisema "ongeza", utaongeza. Leteni mizani mia moja Nyandira. Magari yasipofika matano kwa siku, mizani itageuka kiti cha kukalia.

Tuache mboga, tuje kwa watu. Serikali ina mpango wa m-mama, ambapo mjamzito au mama aliyejifungua akipata dharura inapigwa simu 115 bila malipo na usafiri unatafutwa, iwe gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Ni mpango mzuri na nimeusifia mbele za watu. Lakini dereva anaanzia pale barabara inapoishia. Kutoka nyumbani hadi hapo, kwa vitongoji vya juu, bado ni machela na mabega ya wanaume, usiku, kwenye njia ya mbuzi. Mtandao nao una sehemu zake. Kuna wanaojua ni kwenye jiwe lipi simu inashika. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika vijiji vingi kwa ada ya shilingi 27,000, na nguzo zilipanda mlima ule. Kinachonishangaza ni kwamba nguzo ziliweza, barabara ikashindwa.

Narudi kwenye maji, maana hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Ruvu inazaliwa Uluguru, na mto Mgeta ni tawi lake. Mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayoinywesha Dar es Salaam, inategemea mlima huohuo ambao watu wake wanaitwa waharibifu. Serikali ya kikoloni iliwaita hivyo hivyo. Miaka ya 1950 iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, kazi ya sulubu isiyo na ujira, na wengi waliona udongo wa rutuba unafukiwa na ule mbaya unabaki juu. Julai 1955 watu wakachachamaa kule Matombo, upande wa mashariki wa mlima, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa pia.

Nusu karne baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalikwenda upande huohuo wa mashariki, Kibungo, na wazo lililokuwa tofauti kwa jambo moja tu: mkulima alipwe. Achimbe matuta, apande miti, aachie nyasi, na walio chini wanaotumia maji wachangie. DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola waliingia kama wanunuzi wa huduma hiyo. Ngazi zilezile zilizowahi kumwaga damu, sasa watu wakazichimba kwa hiari. Sitaki kuupamba mradi ule, ulikuwa mdogo na ulitegemea wafadhili, kama kawaida yetu. Lakini ulionyesha kwamba Mluguru hakuwahi kuuchukia udongo wake. Alichokataa ni kufanyishwa kazi ya bure kwa faida ya mtu mwingine.

Kwa nini basi hilo lisiwe jambo la kudumu? Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu tayari inatoza ada kwa watumiaji wakubwa wa maji. Mkataba wa bwawa la Kidunda, kwenye mto Ruvu, uliosainiwa Novemba 2022, una thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 300. Tope litakaloshuka kutoka mashamba ya juu litakwenda kulala ndani ya bwawa hilo. Asiyetaka kumlipa mkulima leo atamlipa mchimba tope kesho, kwa bei kubwa zaidi.

Najua watakaosema barabara itafungua njia ya wakata mbao. Hoja hiyo naiheshimu, ila msumeno umekuwa ukipanda mlima kwa miguu miaka yote. Mtu anayepata bei nzuri kwa nusu eka yake hana haja ya kusogea mpakani mwa Hifadhi ya Uluguru kutafuta nusu nyingine. Na wale wa "waondolewe", watuambie wahamie wapi: mabonde ya Mvomero yenyewe yana migogoro ya wakulima na wafugaji isiyokwisha.

Hatuombi lami. Zege kwenye miinuko mikali tu, mitaro inayosafishwa kabla ya masika, makalavati yasiyobebwa na maji, na pale penye korongo wajenge daraja la mawe, aina ambayo TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wenyewe wameijenga kwingine nchini kwa gharama nafuu. Mawe Uluguru hayanunuliwi. Kianzio kiwe ada ya maji ya bonde, sehemu ndogo tu, iandikwe kwenye bajeti kwa jina la kata na urefu wa barabara, ili mwaka ukiisha diwani aulizwe kilomita zake ziko wapi.