Kasuku hasemi "majino"

"Watoto bwana, kasuku watupu! Wanameza tunachosema na kukitema." Alisema mgeni mmoja juzi, sebule nzima ikaitikia. Nilinyamaza kwa heshima ya mvi zake. Hapa sinyamazi.

Mtoto aliyekuwa akisemwa ni wa kaka yangu, ana miaka mitatu. Muda mfupi kabla, alikuwa mbele ya kioo, kidole mdomoni. "Shangazi, ona majino yangu!" Mtu mzima akisema majino anamsuta mwenzake kwa meno makubwa. Huyu alikuwa anajivunia yake, madogo mno. Kalitoa wapi? Kasikia jina, majina, jani, majani, akajipigia hesabu. Kakosea kwa kufuata kanuni ambayo hakuna aliyemfundisha. Kasuku gani anakosea hivyo?

Mwaka 1958 mtafiti wa lugha Jean Berko aliwaonyesha watoto wanaosema Kiingereza picha ya kidude alichokiita wug, jina la kubuni. Akaonyesha viwili. Wengi, hata wadogo wa miaka minne, wakaongeza s ya wingi bila kubabaika. Walimwiga nani, jamani, wakati neno lenyewe limetungwa kwa ajili ya jaribio?

Mwanasaikolojia Skinner naye, mwaka 1957, alitaka tuamini kwamba lugha hujengwa kwa tuzo: sema sawasawa, upongezwe. Mwanaisimu Chomsky, aliyeshikilia kwamba msingi wa lugha tunazaliwa nao, alimrarua miaka miwili baadaye. Ila mimi kilichonikaa ni utafiti wa Brown na Hanlon, 1970: wazazi hukubali au kukataa ukweli wa anachosema mtoto, sarufi wanaiachia ipite. Wifi yangu alisahihisha majino? Thubutu! "Mazuri mwanangu, njoo tuyapige mswaki."

Haya, kuiga kupo. Tusi la baba yake alilirudia mbele ya wageni, lafudhi ileile. Na wafuasi wa Chomsky wasivimbe kichwa: mwaka 1996 mtafiti Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi minane mfululizo wa silabi zisizo na maana kwa dakika mbili tu, wakatambua zipi zinaandamana kama neno. Si kila kitu tumezaliwa nacho. Lakini hata hiyo ni hesabu, si kukariri.

Wageni walipoondoka nilimjaribu.

"Sema meno."

"Meno."

"Safi. Haya, una meno mangapi?"

"Majino mengi, Shangazi!"