Kamba wa Naivasha hawali tope tu

Makala moja inasema kamba wekundu wa maji baridi (crayfish) wa Ziwa Naivasha, Kenya, "husafisha tope". Nusu ukweli. Kamba hawa wa kutoka kusini mwa Marekani, walioingizwa mwaka 1970, hula karibu kila kitu. Usiku hukata shina la yungiyungi kwa magando, chini karibu na mzizi, wakatafuna kidogo tu. Jani zima huibuka, likaelea na kuoza. Hasara kubwa iko hapo, si kwenye walichomeza. Wadogo hutaka nyama zaidi: mabuu ya wadudu na konokono, hata wale wanaobeba vimelea vya kichocho (hapo nawasifu). Wakubwa hujazia mimea na mabaki. Wavuvi nao hupata hasara: nyavu zikilala majini usiku kucha, samaki aliyenasa hana pa kukimbilia, na kamba humdonoa papo hapo.