Maksai Walikuwa Wanne, Si Sita

Ndugu zangu mnaonifuatilia humu, najua kwamba kufikia sasa wengi wenu mmekwisha kuipokea ile picha ya trekta jipya lenye utepe mwekundu kwenye boneti, likivutwa na ng'ombe mbele ya mnada mzima. Shemeji yangu ndiye aliyeipiga, ndiye aliyeitia kwenye kundi la walimu wastaafu, na ndiye aliyeiandikia chini kwamba nguvu farasi 75 zimezidiwa na maksai sita. Leo ni Jumatano, tukio ni la Jumamosi, na mgongo bado unaniuma. Lakini nimeona niandike sasa hivi, kwa sababu habari ikisafiri bila mwenyewe huota miguu njiani. Sahihisho la kwanza: maksai walikuwa wanne. Sahihisho la pili: sikulia, lilikuwa vumbi. Hayo mengine yote aliyoyasema shemeji ni kweli, na bahati yangu ni kwamba aliondoka kabla ya fundi kufika, kwa hiyo lile lililo baya zaidi hakulipiga picha.

Trekta hili nimelinunua kwa kiinua mgongo changu, baada ya miaka 32 ya kufundisha shule za msingi hapa Wilaya ya Kongwa, na sasa naelewa kwa nini malipo hayo yameitwa hivyo, maana yaliuinua mgongo wangu kwa siku mbili kamili kabla ya kuuvunja. Lililetwa Alhamisi juu ya lori. Kijana aliyekuja kulikabidhi alitumia karibu saa nzima kunieleza kila kitufe na kila mkono wa gia, na mimi katika saa hiyo nilipokea simu kumi na moja za pongezi, nyingine zikiwa za watu ambao mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimewapigia kwanza nao hawakupokea. Alipoona naitikia tu kwa kichwa huku nacheka na watu wa simuni, alinikabidhi kitabu cha maelekezo kikiwa ndani ya nailoni yake, akasema, "Yote yamo humu, mzee." Nilikipokea kwa mikono miwili kama cheti, na kama cheti, sikukifungua.

Tatizo la kwanza lilijitokeza jioni ileile, nalo lilikuwa kwamba trekta halizimiki. Nilizungusha ufunguo, taa za dashibodi zikazimika, lakini injini ikaendelea kunguruma kana kwamba nimemsalimia mtu asiyenijali. Mpwa wangu, ambaye amesomea udereva wa mitambo na ambaye angenisaidia, alikuwa Dodoma mjini akishughulikia bima. Basi nikabuni njia yangu: niliweka gia kubwa, nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia, nikaachia klachi ghafla. Trekta likatetemeka kama mbuzi aliyemwagiwa maji, likajikunja, likafa. Nilifurahi sana, na kwa siku mbili nzima nililizima kwa mtindo huo. Mafundi mnaosoma hapa, nawaomba mvute pumzi, bado hatujafika.

Jumamosi ni siku ya mnada, na kwa kuwa Novemba ilikuwa inaishia na mvua zilikuwa njiani, nilipanga kulipeleka trekta pale nikachukue oda za kulima. Mke wangu alifunga utepe. Mimi nilivaa koti. Njiani nilimpita jirani yangu, mzee anayelimia maksai tangu nimfahamu, akiwa anawapeleka kunywa maji. Nilipunguza mwendo, jambo ambalo halikuwa na ulazima wowote, nikamwambia kwa sauti ya kuushinda mngurumo, "Mzee, zana za Nuhu hizo, waache wanyama wapumzike!" Yeye alinijibu kwa adabu kwamba ni kweli, Mwalimu, na mwenyewe anafikiria hivyo. Jibu hilo limenirudia usingizini kila usiku tangu siku ile.

Niliegesha pale ambapo kila mtu angeniona, yaani katikati ya njia ya kuingilia mnadani. Nikalizima kwa mtindo wangu, trekta likaruka kidogo, na watoto wakapiga makofi. Kisha nikatafuta mahali pa kuning'iniza mfuko wangu ili nisimame niseme maneno mawili matatu. Chini ya usukani, upande wa kulia, palikuwa na kifundo cheusi chenye ukubwa wa kizibo cha soda, ambacho mimi nilikuwa nimekiona tangu Alhamisi na kukihesabu kuwa ni kindoano, nikawashukuru kimoyomoyo waliotengeneza mashine hii kwa kumkumbuka mkulima na mzigo wake. Nilikivuta kidogo ili mkono wa mfuko upate pa kushika. Kikatoka vizuri, urefu wa kidole, kikakaa. Nikautundika mfuko.

Hotuba yangu ilichukua dakika ishirini na nikapata oda za ekari kumi na nne, nyingine zikiwa na kishika uchumba kabisa. Nilipomaliza nilipanda, nikazungusha ufunguo, na stata ikalia vizuri: ng'we, ng'we, ng'we. Injini haikuitikia. Nikarudia. Nikatabasamu kwa watu, nikarudia tena. Baada ya mara ya tisa ile sauti ilianza kuzeeka, na mara ya kumi na mbili betri ilitoa mkwaruzo mmoja wa mtu anayesafisha koo, ikanyamaza.

Fundi wa pikipiki wa pale mnadani alijitolea. Alisema ni upepo umeingia kwenye dizeli, jambo ambalo hutokea kweli, na akalegeza skrubu ya filta, akapampu kwa mkono mpaka dizeli safi ikamwagika isiyo na povu. Alipolegeza nati za nozeli, zilikuwa kavu kabisa. "Bomba la moshi nalo halikutoa hata moshi wakati unapiga stata," alisema akiwa amekunja uso. "Mwalimu, pole. Pampu imekufa." Pampu! Kwenye trekta lenye siku mbili! Nilipiga simu kwa waliouza, na fundi wao akaniuliza kwa upole, "Mzee, stopu umeirudisha?" Mimi sikujua stopu ni nini, lakini watu wapatao mia mbili walikuwa wananitazama, na niliamua kwamba bila shaka anazungumzia breki ya mkono. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa ndani ya trekta: "Stopu imerudi." Akauliza tena, "Una hakika imerudi ndani?" Nikamwambia, "Kijana, nimekwambia imerudi." Akasema basi anakuja mwenyewe na pikapu, nisubiri kama saa mbili hivi.

Wakati huo malori ya ng'ombe yalikuwa yameziba nyuma yangu, na mgambo wa ushuru akanitaka niondoe "hiki kitu" njiani. Wanaume kumi na wawili walisukuma, matairi yakazama kwenye mchanga. Ndipo nikasikia sauti ya upole nyuma yangu ikisema, "Mwalimu, kama hutajali, ninao wale wa Nuhu hapa."

Walifungwa nira jozi mbili, mnyororo ukapitishwa chini ya pua ya trekta, utepe ukiwa juu yake. Nilipaswa kukaa kwenye kiti ili niongoze, na hapo nikajifunza kwamba usukani wa trekta hili hutegemea nguvu ya haidroli inayotoka kwenye injini. Injini ikilala, usukani hugeuka kuwa mlango wa ghala ulioota kutu. Nilikuwa nimeusimamia kwa miguu yote miwili, koti limechanika kwapani, huku yule dume wa mbele kushoto, anayeitwa Subira, akitembea kwa mwendo wa kwenda kisimani bila dalili yoyote ya kuelemewa. Watu walitupisha njia kama wanavyopisha msiba. Hapo ndipo ilipopigwa ile picha.

Palikuwa na babu mmoja ameketi kwenye mzizi wa mbuyu, ambaye baba yake alipata kufyeka pori katika ule mradi wa karanga wa Waingereza. Kwa wasioijua historia ya kwetu, kuanzia mwaka 1947 walileta hapa Kongwa matrekta kwa mamia, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, na kufikia mwaka 1951 mradi mzima ukawa umezikwa, kwa kuwa udongo wetu kiangazi hukauka ukawa kama saruji na kuyala majembe. Babu alilitazama trekta langu likipita, akatema tumbaku, akasema: "Ya Mwingereza yalikufa yakilima. La Mwalimu limekufa likihutubia."

Fundi alifika saa tisa alasiri, na umati haukuwa umepungua, nadhani uliongezeka. Sasa hapa nitaeleza polepole, kwa sababu mimi mwenyewe ndivyo ninavyoliona kila nikifumba macho. Hakushusha boksi la vifaa. Alipanda, akaweka mkono mmoja kwenye madigadi, akatazama dashibodi. Kisha akanitazama mimi. Kisha akautazama mfuko.

"Mzee, huu mfuko ni wa nani?"

"Ni wangu, mwanangu."

"Naomba uushike kwanza."

Nikaushika. Kile kindoano kikabaki pale kimejitokeza, cheusi, peke yake, na watu wote mia mbili wakakiona kwa mara ya kwanza. Fundi hakusema neno. Alinyoosha kidole gumba, akakisukuma ndani, na kikatoa sauti ndogo, tiki, kama kifuniko cha kalamu kinaporudi mahali pake. Akanieleza, kwa sauti ambayo alijitahidi isiwafikie wengine na ikawafikia wote, kwamba hicho ndicho stopu: ukikivuta kinaziba dizeli ndani ya pampu na injini inazima, na ukikiacha nje haitawaka hata ukiivuta na treni. Akaunganisha betri yetu na ya pikapu kwa nyaya, akazungusha ufunguo. Mizunguko miwili. Moshi, kisha ngurumo. Ningependa kuwaambia kwamba nilifurahi, lakini nilikuwa naomba lisiwake, ili angalau pampu iwe imekufa kweli.

Na bado hayakuwa yamekwisha. Fundi aliomba kitabu cha trekta ajaze ukurasa wa huduma. Mimi, kwa mazoea ya utii, nikaingiza mkono kwenye mfuko nilioushika, nikatoa chupa ya chai, nikatoa maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, nikatoa kitabu. Kitabu kilikuwa ndani ya nailoni yake. Fundi aliitazama ile nailoni kwa muda ambao naukadiria kuwa juma moja, kisha akaichana, na katika ukimya ule mlio wake ulisikika mpaka kwenye vibanda vya nyama choma. Ukurasa ulipofunguka palikuwa na picha ya dashibodi, na mshale mkubwa ukielekea kwenye kindoano changu.

Kutoka nyuma ya umati ikatoka sauti ya mwanamume mzima, ambaye kwa hakika nilimfundisha darasa la nne, kwa kuwa aliniiga mpaka ule mkohoo wangu: "Soma maelekezo kabla ya kujibu maswali yote! Narudia! Soma maelekezo kabla ya kujibu maswali yote!" Watu wengine thelathini hivi wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu!" Sikujua kwamba nilikuwa nimefundisha watoto wengi kiasi hicho.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Dhamana haikuhusika, nililipa gharama ya safari ya fundi, na kwenye fomu, pale palipoandikwa chanzo cha hitilafu, yule kijana aliandika neno moja, "Mfuko," nami nikatia sahihi. Mpwa wangu alirudi usiku, akasikia habari za ule mtindo wangu wa kuzima kwa klachi, akaenda kulia uani. Waliotoa kishika uchumba hakuna aliyekidai, ingawa wawili wameuliza kama bei hiyo ni pamoja na ng'ombe.

Jumatatu nilianza kulima, na shamba la kwanza lilikuwa ekari mbili za yule jirani mwenye maksai, bila malipo, kwa amri ya mke wangu. Kazi ilikwenda vizuri. Maksai wamefungwa pembezoni mwa shamba wakila mabua, na kila nilipovuta stopu ili nipumzike na injini ikanyamaza, Subira alikuwa anaacha kutafuna, anainua kichwa, na kunitazama.