Mswaki Shuleni: Ni Nani Hasa Anayeokoa Pesa?

Kila mara inapopendekezwa kaunti ya Nairobi igharamie mswaki na dawa ya meno shuleni, hoja ya kwanza huwa ni ya mfukoni: kuzuia meno yasioze ni nafuu kuliko kuyatibu. Mpango wenyewe naukubali. Hoja hiyo, kwa Nairobi, ndiyo inayonipa shida.

Mfano unaopendwa ni wa Uskoti, ambako watoto wa chekechea hupiga mswaki kila siku wakisimamiwa, kwa dawa yenye floraidi, madini yanayoimarisha meno. Watafiti walikadiria kuwa mpango huo unagharimu takriban pauni milioni 1.8 kwa mwaka. Gharama ya kutibu meno ya watoto wa miaka mitano, ambayo ilikuwa karibu pauni milioni 8.8 mwaka 2001/02, ilikuwa imeshuka hadi milioni 4 hivi mwaka 2009/10. Ukimwonyesha mhasibu hesabu hiyo, ataidhinisha bila kuuliza la pili.

Lakini Uskoti, matibabu ya meno ya mtoto hulipwa na serikali. Kila jino lisilooza linabakiza pesa katika hazina ileile iliyonunua dawa ya meno. Hapa kwetu, gego la mtoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru likitoboka, gharama haiendi City Hall, makao ya kaunti. Mama atanunua vidonge vya maumivu dukani, atajaribu karafuu, na mambo yakizidi litang'olewa, kwa sababu kuziba ni ghali na foleni ni ndefu. Meno mengi ya utoto hayafiki kwa daktari kamwe, yanauma mpaka yang'oke yenyewe. Anayemwahidi gavana kwamba ataokoa fedha za matibabu anamuahidi kupunguza matumizi ambayo hayapo.

Huenda hata matumizi yakaongezeka. Ukiwakagua watoto wa shule nzima utawapata wenye usaha na wenye kuhitaji kuzibwa, na lazima uwaelekeze mahali, katika hospitali za kaunti za Mbagathi au Mama Lucy. Hata Uskoti gharama za matibabu zilipanda kidogo mwaka wa kwanza kabla ya kuanza kushuka.

Hasara basi ipo wapi? Ipo kwa mzazi anayeacha kibarua siku nzima ili akae kwenye benchi la hospitali, na kwa mtoto asiyelala usiku halafu anatarajiwa asome asubuhi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulionyesha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne ana meno yaliyooza. Hiyo ni hasara halisi ya kiuchumi, ila haionekani kwenye daftari la mtu yeyote mwenye mamlaka ya kutia saini.

Sasa upande wa matumizi. Mtoto wa chekechea anahitaji dawa ya ukubwa wa punje ya njegere, karibu robo gramu. Kwa siku 190 hivi za masomo, akipiga mswaki mara moja shuleni, hamalizi gramu 50 kwa mwaka. Mpe mswaki mmoja kila muhula. Tukichukulia mswaki wa Sh50 na tyubu ya gramu 100 ya Sh200, tunafika kama Sh250 kwa mtoto, na kwa bei ya jumla pungufu ya hapo. Haionekani nyingi mpaka uikumbuke Sh1,420, mgao rasmi wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma kwa mwaka mzima. Sh250 ni zaidi ya sehemu moja ya sita ya fedha hizo, ambazo walimu wakuu watakuambia hazifiki kwa wakati.

Kuna gharama nyingine ambayo wapiga debe wa mpango huwa hawaizungumzii: muda wa mwalimu. Dakika kumi kila siku ni zaidi ya saa 30 kwa mwaka, na katika darasa la watoto 70 wenye bomba moja, dakika kumi ni ndoto. Katika shule ndogo za mitaa ya mabanda, ambako maji hununuliwa kwa mtungi, kila suuza ina bei yake, ingawa kutema tu bila kusuuza kunatosha, tena ndivyo inavyoshauriwa ili floraidi ibaki kwenye meno.

Wanaopinga wana hoja moja nzito zaidi, nayo ni floraidi yenyewe. Maji ya bomba ya Nairobi hutoka zaidi Ndakaini na Sasumua, na yana floraidi kidogo. Visima virefu vinavyochimbwa mitaani ni habari nyingine: vingi huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani. Utafiti uleule wa 2015 ulikuta madoa ya meno yanayoletwa na floraidi iliyozidi kwa takriban watoto wanne kati ya kumi nchini. Kwa hiyo wazo la kutia floraidi katika maji ya jiji, lililosaidia Marekani, hapa lisitajwe kabisa. Dawa ya meno ni tofauti, kwa kuwa hutemwa, lakini mtoto wa miaka mitatu hatemi vizuri. Shule inayotumia kisima ipimiwe maji kwanza, na gharama ya kupima iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Zipo njia mbadala. Kuna dawa ya madini ya fedha (silva) na floraidi inayopakwa kwenye jino lililotoboka ili kusimamisha uozo, bila mashine wala sindano. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na majaribio katika shule za New York yalionyesha kuwa wauguzi wanaweza kuipaka vizuri. Tatizo lake ni kwamba sehemu iliyooza hubaki nyeusi. Kwa gego la nyuma hakuna atakayejali, ila kwa jino la mbele mzazi aulizwe kwanza.

Njia ya bei rahisi kuliko zote haiko shuleni: ni kodi ya sukari. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliiweka soda katika kundi moja na maji ya chupa, kila lita kwa kiwango kilekile, kana kwamba sukari haipo. Afrika Kusini tangu 2018 hutoza kwa gramu za sukari. Kodi ya namna hiyo huiingizia serikali pesa badala ya kuzila. Haitagusa mabuyu ya rangi yanayouzwa langoni mwa shule, na inahitaji bunge la taifa, ambako wenye viwanda husikika vizuri kuliko watoto.

Kaunti isisubiri huko. Katiba iliikabidhi afya ya msingi na elimu ya chekechea, vyote viwili, kwa hiyo katika chekechea za umma haihitaji kumwomba waziri ruhusa. Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha mchana shuleni, tayari inawapanga watoto foleni kila mchana kwa mlo wa Sh5, na mswaki ungeweza kuingia katika ratiba hiyo, mara nyingine kabla ya chakula kama maji yanapatikana saa hiyo tu. Ningeanzia hapo, na shule za wodi zenye maji ya bomba ziwe za kwanza.

Kikwazo cha kisiasa ni kwamba dawa ya meno ni matumizi ya kawaida: huinunua mwaka huu, mwaka ujao, na mwaka wa uchaguzi, na haina utepe wa kukata. Faida yake kubwa huja pale mtoto anayeota gego la kudumu akiwa na miaka sita anapofikisha miaka kumi na mbili gego hilo likiwa zima, wakati huo gavana ameshabadilika na pengine familia imehamia Kakamega. Makadirio ya bajeti hupelekwa bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. MCA, yaani mjumbe wa bunge hilo, atakayeutetea mpango huu aombe hizo Sh250 kama anavyoomba pesa za madawati, bila kuahidi kwamba zitarudi.