Berlin Nimefika, Karatasi Bado

Mtu akikwambia amefika Berlin kusoma, usimpongeze haraka. Muulize kwanza: umefika wewe, au umefika na karatasi? Maana mwili kufika ni kazi ya ndege. Kufika kule kunakotambulika na serikali ni safari nyingine kabisa, na hiyo haina ndege wala basi.

Sikiliza mzunguko huu, ukiona pa kutokea niite. Sheria inasema ukihamia kwenye nyumba, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi. Haya. Ili uandikishwe, mwenye nyumba akupe karatasi inayosema ni kweli umehamia kwake. Haya. Mwenye nyumba, kabla hata hajakuonyesha mlango, anataka ushahidi kwamba hudaiwi na mtu na una akaunti ya benki ya hapahapa. Nenda benki: benki nayo inataka karatasi ya makazi. Karatasi ya makazi iko ofisi ya wakazi. Ofisi ya wakazi haiendwi hivi hivi, inaendwa kwa miadi, miadi iko mtandaoni, na mtandaoni siku zote zimeshachukuliwa. Sheria inakupa wiki mbili, kalenda inakupa mwezi ujao ukiwa na bahati. Hao wawili nadhani hawajawahi kutambulishana.

Na hicho chumba chenyewe! Chumba cha nyumba ya kushirikiana hapa hakipatikani kwa kodi tu, kina usaili. Unakaa jikoni, mbele yako wapangaji watatu, umewekewa chai ya majani sijui ya mti gani, haina sukari na hakuna dalili kwamba itakuja. Maswali yanaanza. Unaamka saa ngapi? Ukipika, harufu inafika wapi? Sufuria unaosha papo hapo au unailoweka? Wageni wako wanalala? Mmoja anaandika majibu. Chuo kikuu kilinichukua kwa vyeti tu, hakikuuliza habari ya sufuria. Mwisho wanasimama, wanakupa mkono, wanasema watakujulisha. Nilizunguka kwenye majiko ya watu mpaka majibu yakawa yanatoka yenyewe: napenda usafi, napenda utulivu, napenda maongezi ya jikoni lakini yasiwe marefu.

Nilipopata, nilikaribishwa na ratiba ya kusafisha choo iliyobandikwa ukutani, jina langu likiwa limeshaandikwa kwa kalamu isiyofutika. Kwenye sanduku la barua walikuwa wamekosea herufi, lakini kwenye choo jina liko sawasawa.

Tuje kwenye pesa. Ili upate viza unaonyesha euro 11,904 za mwaka mzima, zimewekwa kwenye akaunti iliyofungwa. Ukoo ulichanga, wengine waliuza vitu. Ukifika unapewa 992 kwa mwezi, hata ulie. Sasa mweleze hayo shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia una euro elfu kumi na moja benki."

"Zimefungwa, shangazi."

"Zimefungwa na nani? Umefanya nini huko?"

"Sijafanya kitu. Ndiyo sheria. Kila mwezi wananitolea kidogo."

"Pesa zako mwenyewe?"

"Zangu."

"Na wewe mtu mzima na ndevu zako, unagawiwa?"

"Nagawiwa, shangazi."

Akasikitika sana. Akanyamaza muda mrefu, nikajua ananiombea. Kisha akasema, "Basi hizo za mwezi huu, nitumie mia mbili."

Kinachonichosha ni kwamba mji huuhuu usioniamini na pesa zangu, unaniamini kwenye treni. Treni ya chini ya ardhi haina geti. Unashuka ngazi, unapanda, hakuna wa kukuuliza. Ukidhani ni wema, subiri. Wakaguzi wamo humo humo, wamevaa nguo za kiraia. Yule kijana mwenye kofia ya sufu anayesinzia pembeni yako anaweza kuinuka ghafla, kitambulisho mkononi, na asiye na tiketi anaondoka na faini ya euro 60. Mimi tiketi ninayo, lakini iko kwenye simu, na simu yangu ina betri ya kuombea dua. Kwa hiyo nasafiri nikiwakagua abiria kuliko wakaguzi wenyewe. Anayesinzia namwogopa. Asiyesinzia namwogopa zaidi.

Darasani kuna utaratibu wao mwingine. Treni ikichelewa dakika tano watu wanatikisa vichwa utadhani msiba, lakini kipindi cha saa nne asubuhi kinaanza saa nne na robo na hakuna anayeguna. Ukitazama ratiba, pembeni ya saa kuna herufi mbili, c.t., za Kilatini, na hizo ndizo zinazompa kila mtu robo saa ya bure. Zikiwa s.t., ni saa kamili, usije na kahawa yako nusu. Kipindi kikiisha hawapigi makofi, wanagonga meza kwa ngumi. Mara ya kwanza nilianza kukusanya daftari nikijua mwalimu, mzee wa watu, anafukuzwa. Kumbe wamefurahi.

Majira ya baridi sitayasema sana, yatanichukua kurasa. Desemba saa kumi jioni kiza kimeshaingia, na kwenye mkataba wa chumba imeandikwa kwamba unatakiwa kufungua madirisha yote wazi, kila siku, ili ukuta usiote ukungu. Yaani unalipia joto, halafu unalifungulia dirisha liende. Anayelifaidi ni njiwa.

Lakini Jumapili! Jumapili imo kwenye katiba, siyo utani. Wajerumani waliiandika mwaka 1919 kuwa ni siku ya kupumzika na kuinua roho, na mwaka 1949 wakakibeba kifungu kilekile wakakiingiza kwenye katiba waliyo nayo leo. Kwa hiyo maduka karibu yote yamefungwa. Ukisahau kununua chakula Jumamosi, unakwenda stesheni kuu, ambako duka linaruhusiwa kufungua, na huko unawakuta wasahaulifu wa mji mzima kwenye foleni moja, kila mmoja ameshika maziwa na hatazamani na mwenzake. Roho inainukaje hapo?

Na Jumapili usitupe chupa. Narudia, usitupe chupa, zinapiga kelele. Chupa zenyewe zina elimu yake. Ya plastiki unairudisha dukani, mashine inakupa senti 25. Ya kioo isiyorudishwa inakwenda kwenye pipa, lakini ya kioo cheupe pipa lake, ya rangi pipa lake. Karatasi pipa la buluu. Maganda ya ndizi kwingine. Bibi wa ghorofa ya chini hajawahi kuitikia salamu yangu, lakini siku nimeshika kikopo cha mtindi alinisimamisha uani.

"Kijana, na mfuniko?"

"Upo, bibi."

"Najua upo. Mbona umeshikana?"

Mfuniko ni wa bati, kikopo cha plastiki, inabidi uwatenganishe. Nikawatenganisha mbele yake. Tangu hapo ananiitikia.

Hatimaye miadi ikapatikana na karatasi ya makazi ikatoka. Nilijua sasa benki itafurahi, chuo kitafurahi. Wa kwanza kuniandikia barua wakawa watu wa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Mimi sina redio. Televisheni sina. Haidhuru, ada ni ya nyumba, siyo ya kifaa, na ofisi ikishakuandikisha inawapelekea jina lako. Nikampelekea barua mwenzangu wa chumba cha jirani, nikiwa nimeshaandaa hotuba. Akaisoma, akasema nisijali, nyumba moja inalipa mara moja tu na yeye ndiye anayelipa. Nikamshukuru mpaka nikamwinamia. Jioni nikakuta kijikaratasi kwenye friji: tuko wanne, fungu lako ni euro 4.59.

Nikampa noti ya euro 5, nikamwambia abaki nayo. Akanitazama nikahisi nimemtukana. Akaingia chumbani, nikasikia droo zinafunguliwa, akatoka na senti 40, akaomba radhi kwamba ile moja ataileta Jumatatu, maana leo maduka yamefungwa na hana pa kuchenji. Jumatatu alfajiri akabisha hodi. Alikuwa na senti yangu, na karatasi ya kusaini kwamba nimeipokea.