Seva yangu ilivyomwita bosi tapeli

Mimi ndo fundi wa kompyuta kwenye kaofisi ka kutoa mizigo bandarini, tupo ghorofani Kariakoo, na seva ya imeili inakaa chini ya meza ya dada wa uhasibu, anaiwekea miguu.

Zamani ilikuwa inapokea kila kitu halafu ndo inachambua, ikikuta spamu, yani barua taka, inamrudishia aliyetuma. Sasa matapeli wana anwani zao basi? Wanaandika ya mtu mwingine asiyejua hili wala lile, huyo ndo anajaziwa marejesho yetu, mwisho tukaonekana sisi ndo spamu, tukaingizwa kwenye orodha nyeusi, imeili kwa wateja hazifiki. Nikasema isiwe tabu, tunawakatalia mlangoni. Yani seva ya mtu inagonga, inajitambulisha, inataja barua inatoka kwa nani inaenda kwa nani, inashusha mzigo, na kabla sijatamka nimepokea naukagua, nikiona uchafu napiga 550, ndo namba ya seva ya kusema sipokei, kumwambia mwenye barua ni kazi ya seva yake hukohuko.

Raha ya Postfix, programu inayoendesha seva yetu ya imeili, ukikataa unaweka na neno lako. Na siku hiyo nilikuwa nimetumiwa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mara ya tatu toka asubuhi. Nikaweka sheria, imeili yoyote yenye maneno hayo irudi na: "550 5.7.1 Tapeli mkubwa wewe, huna haya, katafute kazi." Nikacheka mwenyewe, nikashuka kula chipsi mayai.

Alhamisi Mzee, bosi wetu, yuko Tunduma, lori limekwama mpakani. Mkaguzi wa mahesabu alishasema agizo lolote la hela lije kwa maandishi, kwa imeili, na Mzee ni mtiifu, akamwandikia dada wa uhasibu: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ni ya dereva."

Gmail ikamletea jibu langu.

Akahisi mtandao, akarudia. Tapeli mkubwa wewe. Akaandika kwa herufi kubwa tupu, sheria yangu haijali kubwa wala ndogo, katafute kazi. Akaona bora aniulize mimi fundi: "Nimeandika ile hela tuma kwenye namba hii naitwa tapeli, kuna nini?" Huna haya.

Simu ikaita.

"Shikamoo Mzee."

Kimya. Hiyo marahaba sijaipata mpaka leo.

"Nani tapeli?"

Nikaanza kusema virusi, huku nafungua logi, daftari la seva la kila kilichopita, nakuta mistari minne imejipanga, anwani ya Mzee na neno langu pembeni, na dada wa uhasibu kashainama nyuma yangu anasoma kwa sauti, spika iko wazi. Nikakiri. Hapo ndo nikashtuka kwamba matusi yale tapeli hayasomi hata siku moja, programu yake ikikataliwa inaenda nyumba ya pili, anayeletewa akasoma ni mtu wa watu tu mwenye shida zake.

Mzee hakunifukuza. Aliporudi aliagiza kitu kimoja, neno la kukatalia lianze na salamu, maana ofisi yake ina heshima. Basi sasa hivi matapeli wa dunia nzima wakigonga saa nane usiku wanajibiwa: "550 5.7.1 Shikamoo. Samahani, barua yako haijapokelewa."